Kucha za Mkono wa Nyundo

Mpelelezi waliyemwita Kobe hakuwa na maiti, kwa sababu maiti ilikwisha kuzikwa na udongo wake ulikuwa umeanza kutulia. Hakuwa na sumu. Maabara ilikuwa imeitafuta hiyo sumu ikachoka, ikarudisha karatasi yenye maneno matatu: hakuna sumu iliyoonekana. Hakuwa na shahidi aliyeona, ingawa alikuwa na mashahidi tele waliosikia. Hakuwa na gari. La kituo lilipelekwa gereji, na gereji ikalisahau. Hakuwa na msaidizi, wala kiti kisichoyumba, wala mkuu wa kazi anayesikiliza sentensi mpaka nukta. Na zaidi ya yote hakuwa na muda. Kesho asubuhi mjane wa marehemu angefikishwa mahakamani kushtakiwa kwa kumuua mumewe, na shtaka kama hilo likishasomwa, mtu anaweza kuota mvi rumande kabla hajaulizwa tena lolote.

Alichokuwa nacho ni picha moja. Ilipigwa chumba cha maiti siku ile marehemu, fundi wa makochi, alipokufa, ikionyesha mikono miwili imelazwa juu ya shuka.

"Kobe," alisema Mkuu wa kituo, akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, dalili kwamba mazungumzo yatakuwa mafupi. "Mwanamke ana sumu ya panya jikoni kwake. Mume akila kwake anaugua, akienda kula kwa dada yake anapona. Imetokea mara mbili, na mara ya tatu akafa. Unangoja malaika ashuke atoe ushahidi?"

"Pakiti ya sumu ya panya ilikuwa haijafunguliwa, Mkuu."

"Basi alinunua mbili."

"Na maabara haikuona kitu."

"Ziko sumu zinazojificha."

Kobe alitaka kuuliza vipi sumu ijifiche kwa mtu mwenye darubini halafu ijifunue kwa mtu mwenye funguo. Akalimeza neno lake. Alikuwa amemeza maneno mengi katika kituo kile, ndiyo maana wakampa jina la mnyama anayebeba nyumba yake kimyakimya.

"Nipe siku ya leo," alisema.

"Leo ni yako. Kesho ni ya mahakama." Mkuu akaondoka, na kile kiti kikayumba ingawa hakuna aliyekigusa.

*

Karakana ya makochi ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na mbao mbichi. Sponji zilirundikwa mpaka dari. Katikati ya chumba palikuwa na kochi la watu watatu lililovuliwa nguo, mbavu zake za mbao na springi zake zikiwa wazi, na mbele yake amepiga magoti mtu mnene ambaye watu wote wa mtaa walimwita Gundi. Yeye na marehemu walikuwa wakifanya kazi pamoja tangu ujana. Marehemu mwenyewe waliwahi kumwita Springi, kwa sababu kila kochi alilolimaliza alilijaribu kwa kulirukia.

Gundi hakuitika salamu. Hakuweza. Kinywa chake kilijaa misumari midogo ya vichwa bapa, ile ya kubania kitambaa kwenye mbao. Aliusukuma mmoja kwa ulimi hadi kwenye mdomo, akaunasa kwa nyundo yenye sumaku, akaupigilia, akarudi kuchukua mwingine, mkono wa kushoto ukiwa umevuta kitambaa wakati wote. Alipomaliza mstari mzima ndipo akatema iliyobaki kwenye kiganja.

"Karibu tena, afande. Safari hii umekuja kuchukua nyundo? Maana mara ya kwanza ulichukua gundi, mara ya pili ukachukua kopo langu la misumari. Ukirudi tena nitakuwa nabana vitambaa kwa meno."

"Kopo lako litarudi. Halina kitu."

"Nilikwambia halina kitu. Tumekula misumari ya kopo moja, mimi na yule, miaka yote. Kama ingekuwa na sumu, leo ungekuwa unamhoji nani hapa?"

Hilo ndilo lililokuwa likimkereketa Kobe kama mchanga ndani ya kiatu. Wiki nzima aliifuata njia ya misumari: kwamba mtu aliipaka sumu kwenye kopo, na fundi akailamba siku baada ya siku. Ilikuwa nadharia nzuri, yenye kichwa na mkia. Kasoro yake ni huyu Gundi, ambaye alikuwa hai na mnene na anatania.

Akatoa picha, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Tazama kucha. Hivi vistari vyeusi ni nini?"

Gundi akaiinamia. Chini ya kucha tatu au nne kulikuwa na vistari vyembamba, vyekundu vilivyoiva hadi kuwa vyeusi, kama vibanzi vya mbao vilivyochoma na kubaki humo.

"Kazi hiyo, afande. Nyundo hiyo. Hata mimi ninavyo." Akanyoosha mkono wake wa kushoto. Kweli, kucha ya kidole gumba ilikuwa na doa jeusi.

"Na mkono wa kulia?"

"Wa kulia nini?"

"Nionyeshe."

Gundi akaunyoosha. Kucha zote zilikuwa safi, ukiacha gundi iliyokauka.

"Springi alikuwa anashika nyundo kwa mkono gani?"

"Wa kulia kama mimi. Mimi ndiye niliyemfun..." Akaitazama tena picha. Vile vistari vilikuwa kwenye mikono yote miwili, na vingi zaidi kwenye mkono wa kulia.

"Mkono ulioshika nyundo," alisema Kobe polepole, "utajigongaje?"

Gundi alikuna shingo. "Labda alichomwa na vibanzi."

"Vibanzi vinaingia kwa mbele ya kucha. Hivi viko katikati, havikugusa ncha." Akairudisha picha mfukoni. "Kinywa chake kilikuwaje?"

"Kinywa cha fundi wa makochi, kikoje tena? Jino moja la nyuma lilivunjika akiuma msumari, likaoza. Fizi zilikuwa zinatoka damu. Nikamwambia, ndugu yangu, nenda kang'oe. Akasema akimaliza oda hii. Sisi oda haziishi, afande. Tunaisha sisi."

*

Mjane alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, kanga ameizungusha mabegani kana kwamba kuna baridi. Alipomwona Kobe hakuinuka.

"Umekuja kuniuliza tena nilipika nini?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuuliza kuhusu miguu yake."

Mwanamke akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Siku za mwisho nilikuwa namwosha mimi. Alikuwa na vidoa chini ya nyayo, vyekundu, haviumi. Na vistari kwenye kucha za vidole gumba vya miguu. Nikamwambia, mume wangu, hivi umeanza kupigilia misumari kwa miguu? Akacheka. Alikuwa hana pumzi hata ya kucheka." Akaikaza kanga mabegani. "Mtu akikaa kwa wifi anapona, akirudi kwangu anaanguka. Hata mimi nilianza kujishuku, unajua? Nilikuwa naonja chakula kabla yake."

"Kwa nini hukuyasema haya ya miguu?"

"Nani aliniuliza? Wote mnauliza sufuria."

Kobe aliandika, na penseli yake ikavunjika ncha. Alikuwa amekosea swali kwa wiki nzima, na muda wake sasa ulikuwa ni mchana mmoja.

*

Nesi wa mapokezi hospitalini, aliposikia habari za kucha na nyayo, alimwelekeza kwa daktari wa moyo. Daktari huyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, na alikuwa anatoka kazini. Kobe alimzuia kwenye ngazi, akamwekea picha mbele ya uso. Daktari akasimama ngazi moja juu yake, wakawa sawa kwa kimo.

"Homa?"

"Wiki kadhaa. Inakuja, inaondoka. Jasho la usiku. Alikonda. Mwisho akapata kiharusi, akafa wodini."

"Vidoa kwenye nyayo?"

"Visivyouma."

Daktari akageuka akapanda tena ngazi, na Kobe akamfuata. Ofisini daktari alivuta karatasi, akachora duara.

"Moyo una milango. Mmoja uko pale damu inapotoka kwenda mwilini kwa mshipa mkuu. Tunauita vali ya aota. Mlango huo una vipande vitatu vinavyokutana katikati, hivi. Sasa kuna watu wanaozaliwa na vipande viwili tu. Si wachache. Mtu anaweza kuishi nao hadi uzeeni na asijue. Lakini mlango wa vipande viwili haufungi sawasawa. Kwa wengine unakakamaa na kusinyaa, mtu akipanda ngazi anaishiwa pumzi. Kwa wengine unavuja. Na kwa baadhi, mshipa wenyewe unaoanzia hapo unatanuka taratibu, mpaka siku moja unachanika."

"Huyu alichanika?"

"Hapana. Aliyechanika hapati homa ya wiki kadhaa. Usikimbie mbele yangu." Akachora vinukta juu ya vile vipande viwili. "Damu ikipita kwenye mlango mbovu inapiga kona, inakwaruza. Pale palipokwaruzwa ndipo vijidudu vinapopata pa kukaa. Alikuwa na jino bovu?"

"Na misumari mdomoni kutwa nzima."

"Basi. Kila siku vijidudu vinatoka kwenye fizi vinaingia kwenye damu. Kwako na kwangu vinapita tu, kama wageni wasiopewa kiti. Kwake walikuta kochi."

Kobe alimfikiria Gundi na kinywa chake kilichojaa chuma. Misumari ile ile, kopo lile lile. Tofauti haikuwa kwenye kopo.

"Vinaota kama kuvu juu ya mlango," daktari aliendelea, "halafu vinamegeka. Kipande kinakwenda kwenye kucha, unaona vistari. Kingine kinakwenda kwenye ubongo, hicho ndicho kiharusi."

"Ila hospitali walipima damu yake. Waliiweka kwenye chupa waone kama kuna vijidudu vitaota. Havikuota. Ndiyo maana watu wakasema si ugonjwa, ni mkono wa mtu."

Daktari akaiweka kalamu chini. "Alimeza antibiotiki kabla ya kupimwa?"

"Cheti kinasema hakuwa na dawa yoyote."

"Vyeti vinaandika kile watu wanachosema. Kamuulize aliyesema. Na muulize kama marehemu aliwahi kuambiwa ana kelele moyoni tangu utoto. Mlango mbovu husikika."

"Nikipata majibu hayo, nitakuwa na ushahidi?"

"Utakuwa na hadithi nzuri. Ushahidi ungekuwa moyo wenyewe. Aliyepasua maiti hakuufungua?"

"Barua ya Mkuu ilimwambia atafute sumu. Akachukua tumbo, ini na figo, basi."

"Figo?" Daktari akanyanyua macho. "Bado liko maabara?"

"Nadhani."

"Moyo unaotupa takataka zake kwenye kucha hauwezi kulisahau figo. Liwekwe chini ya darubini na mtu anayejua anachokitafuta. Si sumu. Mabonge ya damu yaliyoziba mishipa, na vijidudu ndani yake. Na afande, kabla hujakimbia. Mlango huu mara nyingine hutembea ndani ya ukoo. Marehemu ana mtoto?"

"Binti mmoja. Yuko kwa shangazi yake sasa."

"Basi asikilizwe kifua. Na huyo shangazi pia."

*

Saluni ya dada wa marehemu ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu na mashine mbili za kukaushia nywele, moja imevikwa taulo kama mgonjwa. Chini ya ile nzima alikaa mteja mmoja, mama wa makamo, macho amefumba na masikio yako wazi.

"Afande," alisema mwenye saluni bila kuacha kuchana nywele za bandia alizozitundika ukutani. "Umekuja kusuka?"

Kobe aligusa upara wake. "Ukipata pa kuanzia niambie, dada."

Mteja akacheka bila kufumbua macho. Mwenye saluni hakucheka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye msiba ulioganda usoni kama nta.

"Nataka tuanze upya," alisema Kobe. "Marehemu alipokuja kwako mgonjwa, ulimpa nini?"

"Nimeshaeleza hadi nimechoka. Uji, supu, matunda. Chakula cha mtu anayependwa."

"Na kisichokuwa chakula?"

"Kama nini?"

"Chochote alichomeza."

Chanuo lilipunguza mwendo. "Vile vidonge vyangu tu. Vilivyobaki nilipong'olewa jino. Vya rangi mbili."

"Ulimpa siku ngapi?"

"Mpaka homa iondoke. Siku tatu, nne. Ikiondoka nafunika kopo la vidonge. Mtu mzima hali dawa kama karanga."

"Akarudi kwa mkewe."

"Akarudi kwa mkewe, akaugua. Si ndiyo hayo ninayowaambia?"

"Akaja tena, ukampa tena."

"Hivyo hivyo."

"Na siku ya kumpeleka hospitali?"

"Nilimfuata kwa mkewe asubuhi, nikampa viwili apate nguvu ya kupanda gari."

"Hospitali walikuuliza anatumia dawa gani."

"Nikasema hana dawa. Ndiyo kweli." Aligeuka sasa, chanuo likiwa hewani. "Dawa ni ile aliyoandikiwa na daktari. Vile vilikuwa vya nyumbani."

Mteja chini ya mashine alifumbua jicho moja. Kobe alikaa kwenye kiti cha wateja ingawa hakukaribishwa. Watu wote walitafuta mkono uliotia kitu kwenye chakula cha kule kwa mkewe. Kumbe kitu kilikuwa kinatiwa huku, antibiotiki iliyotolewa kwa mapenzi, na kikikoma ndipo ugonjwa uliporudi. Fundi hakuugua kwa sababu ya chakula cha mkewe. Aliugua kwa sababu siku ya kurudi kwa mkewe ndiyo siku ya kufunikwa kopo.

"Dada yangu, marehemu alipokuwa mdogo, kuna mtu alisema moyo wake una kelele?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nauliza."

Mwanamke alikaa kwenye ukingo wa sinki la kuoshea nywele. "Nesi wa shule. Alisema moyo wake unapiga mluzi, apelekwe mjini kupimwa. Mama akasema mwanangu ana moyo unaoimba, sasa mnataka kuunyamazisha? Hakupelekwa. Akawa hakimbii na wenzake, anakaa anashona mipira yao."

"Na baba yenu?"

"Alikufa juu ya ngazi, anapaka rangi ukuta. Alishika kifua, akasema mgongo unachanika. Kabla hajashushwa, kwisha." Akapangusa mikono ambayo haikuwa na maji. "Haya yote ya nini?"

Kobe akamweleza. Alieleza kama alivyoelezwa, mlango na vipande viwili, jino na misumari, na damu ya hospitali iliyokaa kimya kwa sababu vidonge viwili vya asubuhi vilivinyamazisha vijidudu bila kuviua. Alijaribu kuyapunguza makali, lakini yako maneno ambayo hata ukiyafunga pamba yanakata.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua."

"Sikusema hivyo. Ulimcheleweshea kifo, tena mara mbili. Ila ulikificha pia, bila kujua."

"Na yule aliyemzuia asing'oe jino, huyo hana kosa?"

"Nani alimzuia?"

Hakukuwa na mtu aliyemzuia. Kobe akatoa karatasi ya maelezo, akaiandika pale pale juu ya goti, akamsogezea kalamu.

"Ukisaini kwamba ulimpa vidonge, wifi yako kesho haendi kizimbani."

"Toka kwenye kiti cha wateja wangu."

"Dada..."

"Nimezika ndugu mmoja. Sasa unataka niandike kwa mkono wangu kwamba uji wangu ulikuwa msaada na mkono wangu ulikuwa kaburi. Toka."

Kobe akainuka. Mlangoni aligeuka. "Mtoto apelekwe kliniki asikilizwe kifua. Hilo halihitaji kusaini. Na wewe usikilizwe."

Alifungiwa mlango wa kioo, na nyuma ya kioo akamwona yule mteja akisema jambo ambalo hakulisikia.

*

Maabara walijibu simu ilipolia mara ya tatu. Figo liko, walisema, lakini uchunguzi umefungwa, na sampuli zilizofungwa huteketezwa mwisho wa wiki. Kulitunza kunahitaji barua. Ya nani? Ya mwendesha mashtaka. Na mwendesha mashtaka ataandikaje bila kuombwa? Aombwe na mkuu wa kituo.

Mkuu wa kituo alimsikiliza mpaka kwenye neno figo.

"Nilikutuma sumu, umeniletea mlango. Nikakuvumilia. Sasa unaniletea figo."

"Nakuletea mtu asiye na hatia, Mkuu."

"Dada wa marehemu amesaini?"

"Bado."

"Kucha zimesaini?" Akavuta faili la mezani, akaliweka juu ya jingine. "Nimekwisha kutangaza kwamba kesi imekamilika. Unataka nirudi niseme tulimkamata mke kwa sababu marehemu alikuwa na jino bovu? Mimi sisaini."

Kobe alirudi kwenye kiti chake kinachoyumba. Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki, nayo ilikuwa ya mtu asiyehitaji kupandishwa cheo. Alichomoa karatasi safi, akaanza kumwandikia mwendesha mashtaka yeye mwenyewe, kwa jina lake na namba yake ya kazi. Aliandika kuhusu mkono wa nyundo. Aliandika kuhusu nyayo. Alipofika kwenye vidonge akakwama, maana bila sahihi ya aliyevitoa, pale palikuwa na uvumi tu, na kesi yote tangu mwanzo ilijengwa kwa uvumi.

Saa ya kufunga ofisi ilikuwa inakaribia aliposikia viatu vya kike kwenye korido.

Dada wa marehemu hakuketi. Alikuwa bado amevaa aproni ya saluni.

"Nimempeleka mtoto kliniki," alisema. "Yule kijana wa pale aliweka mpira wake wa kusikilizia kifuani, akanyamaza. Akamwita mwenzake. Mwenzake naye akasikiliza, akanyamaza. Wakasema labda si kitu, watoto wengi wana kelele. Lakini lazima apigwe picha ya moyo, haraka. Wakaniuliza, wewe ni mama? Nikasema mimi ni shangazi. Wakasema shangazi hafai kusaini, mlete mama yake. Yuko wapi mama yake?"

Kobe aliweka kalamu chini.

"Nikasema nimemfunga."

Hakulia. Alivuta aproni akaikunja, akaikunjua, kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi."

"Isome kwanza."

"Umeandika nilisema uongo?"

"Hukusema uongo. Ulisema ulichokiona."

"Basi iache hivyo." Akasaini, herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye kioo. Aliitazama sahihi yake. "Ila wifi yangu hajui kupika. Hilo silifuti."

"Halimo humu."

"Vizuri."

Kobe aliandika sentensi mbili za mwisho: figo litunzwe na lipimwe na mtu wa ugonjwa wa moyo kabla ya shtaka lolote kusomwa, na mjane aachiwe kwa dhamana, kwa kuwa binti wa marehemu anahitaji mzazi hospitalini. Akasaini, akaambatanisha maelezo ya dada na ile picha ya mikono. Mlango wa Mkuu, upande wa pili wa korido, ulifunguka. Mkuu akawatazama wote wawili, akaitazama bahasha.

"Ukiipeleka hiyo, Kobe, usirudi kuniomba kiti kingine."

"Hiki kimeshanizoea, Mkuu."

Akaikunja barua mara tatu, akaiingiza kwenye bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa uzee wa stoo; akailowesha kwa maji ya glasi yake, akaibana kwa kiganja, akakaza hadi vidole vikauma. Walitoka pamoja, yeye na yule mwanamke, wakavuka barabara hadi ofisi ya mwendesha mashtaka, ambapo karani alikuwa ameshika kidirisha cha kupokelea barua tayari kukishusha.

"Imetoka kwa mkuu wenu?" aliuliza karani.

"Imetoka kwangu."

"Bila sahihi yake itakuletea shida, mzee."

"Iandike imepokelewa."

Karani alisita, akamtazama yule mwanamke mwenye aproni, akagonga muhuri.

"Ataisoma leo?" aliuliza dada wa marehemu.

"Sijui," alisema Kobe. Karani akaitupa bahasha kwenye kikapu cha ndani, mahali ambapo mkono wa nje haufiki, akashusha kidirisha.